Mashine Iliyouliza Saa

Wiki iliyopita, baada ya hitima, wanawake walipokuwa wakikosha masufuria nyuma ya nyumba yetu hapa Sofu na turubai limeshakunjwa na kurudishwa kwa mwenyewe, binti yangu Mariamu aliingia chumbani akaanza kupanga vitu vya mama yake. Kanga upande huu, viatu upande ule, miwani juu ya msahafu. Alipofika kwenye kabati akashusha sanduku la kijivu lililofungwa kwa kanga kuukuu, akaniuliza, "Baba, na hili?" Nikamwambia aliache palepale mezani. Alinitazama kama mtu anayetaka kubishana, kisha akakumbuka msiba, akaliacha. Sheikh alikuwa ameshaniambia kwa upole kwamba mwanamume hana eda. Siku tatu zikishapita naruhusiwa kuendelea na shughuli zangu. Nilimshukuru. Ila kwa zaidi ya miaka thelathini shughuli zangu zilikuwa mke wangu Zainabu, na sikujua niendelee na zipi. Basi nilikaa mbele ya lile sanduku nikaanza kuufikiria mwaka ambao yeye ndiye alikuwa edani, na mimi nilikuwa mtu wa barazani tu.

Mwaka ule nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi moja ya Kibaha, kijana wa pikipiki na kalamu mfukoni, na rafiki yangu mkubwa alikuwa Idrisa wa Kisarawe. Idrisa alirudi kutoka masomoni ng'ambo na vitu vitatu ambavyo kwao hawakujua waviweke wapi: televisheni, kompyuta ya nyumbani na kitabu kinene. Televisheni ilipata kazi upesi, maana Kisarawe iko juu, na ukiweka antena kwenye mlingoti mrefu ulikuwa unanasa picha za Unguja wakati sisi wa bara hatujawa na kituo chetu. Kompyuta ilikuwa sanduku moja lenye kibodi juu yake, la kuchomeka kwenye hiyo televisheni, lililotengenezwa ili watoto wa Ulaya wachezee michezo. Kitabu ndicho kilichotunyima raha. Ndani yake mlikuwa na mfumo mzima wa kuendeshea kompyuta, mdogo, wa ukoo wa Unix, umechapwa mstari kwa mstari ili wanafunzi wausome, pamoja na disketi zake. Ila uliandikwa kwa ajili ya kompyuta za ofisini, si kwa sanduku la Idrisa. Kuuhamishia kwenye sanduku lile kulikuwa kama kuhama nyumba: vyombo vyote unabeba, lakini mafiga umeyajengea sakafuni, huko uendako inabidi ujenge mengine. Sehemu ya kusoma disketi, ya kupokea herufi za kibodi, ya kugawa kumbukumbu, zote zilitaka kuandikwa upya. Kila tulipokutana anipe disketi nizipeleke kwenye kompyuta ya ofisini, Idrisa alikuwa akisema, "Wiki hii tumemaliza ya kibodi. Tumeanza ya kumbukumbu." Nikajivuna, maana aliposema tumemaliza nilidhani mwenzake ni mimi.

Idrisa alifariki kwa homa ya siku chache, msimu wa fenesi. Sitaki kuyaeleza mazishi yake. Nitaeleza nilivyokwenda siku kadhaa baadaye kumpa pole mjane wake, ambaye mpaka hapo nilikuwa nimesalimiana naye mara mbili tatu tu, tena akiwa na sinia mkononi. Nyumba yao ilikuwa na baraza ya saruji, mlango wa mbao, na nyuma ya mlango pazia la maua mekundu. Mjane yuko edani, hatoki, na mwanamume asiye ndugu yake hamwoni. Kizingitini, nusu barazani nusu ndani, aliketi Shangazi Mwanaidi, shangazi yake marehemu, mwanamke mkubwa wa umbo, akichambua kisamvu. Nikamwamkia, "Shikamoo, Shangazi." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Sema shida yako mimi nasikia, na mwenyewe anasikia." Nikatoa pole zangu kwa pazia. Nikaongeza, kwa unyenyekevu wa mtu anayedhani anafanya hisani, kwamba kazi ya Idrisa nimeiacha palepale ilipofika na nitajitahidi nielewe alichokuwa akifikiria katika sehemu ya kumbukumbu. Kisha sauti ikasema kutoka ndani, bila haraka, "Shemeji, sehemu ya kumbukumbu niliandika mimi. Ina kosa moja, nimeshaliona. Iliyobaki ni ya disketi."

Hivyo ndivyo nilivyomjua Zainabu. Alikuwa amesoma hesabu mpaka mahali ambapo wengi wetu tulikuwa tumeshakimbia, akaolewa, na mumewe akaleta kitabu. Walikuwa wakiandika pamoja, yeye na Idrisa, juu ya meza ya kulia, na mimi kazi yangu kumbe ilikuwa kuendesha pikipiki. Niliona haya nikacheka, na ndani ya pazia nikasikia kitu kama pumzi ya mtu ambaye angecheka kama si msiba. Idrisa alikuwa amepatana na chuo kimoja kidogo cha Kibaha: akiwaonyesha mfumo ukiwaka kwenye kompyuta ya bei nafuu, watampa darasa afundishe. Zainabu alilitaka darasa lile. Aliniambia waziwazi siku ile ile, kwa sauti ambayo Shangazi naye aisikie, kwamba akimaliza eda hataki kuhurumiwa, anataka kazi.

Aliyekuwa na neno la mwisho ni kaka yake marehemu, Mzee Shomari, mkulima wa Vihingo, mtu wa kofia safi na maneno machache. Alikuja Ijumaa moja na kikapu cha muhogo na mananasi, na mimi nilikuwapo barazani. Alisema eda ikiisha ndugu watakaa wagawane mirathi. Zainabu hataachwa peke yake, atahamia Vihingo akae na wenzake, shamba lipo na nyumba ipo. Na lile sanduku la kompyuta, kwa kuwa hakuna anayejua kazi yake, kuna mtu mjini analitaka, atapewa. Hakusema kwa ubaya. Kwake yeye, kumchukua mke wa mdogo wake ilikuwa ndiyo heshima yenyewe. Zainabu akauliza kwa upande wa pili wa pazia, "Kaka, na kama linafanya kazi?" Mzee Shomari akafikiri kweli, nikamwona. "Likifanya kazi, nikaliona kwa macho yangu, liingie kwenye fungu lako. Ukae nalo hapahapa. Lakini nilione, Zainabu, si kuambiwa." Eda ni miezi minne na siku kumi, na sehemu yake ilikuwa imeshakwenda.

Tukaanza. Kompyuta ya kugeuza maandishi yetu kuwa lugha ya mashine ilikuwa ofisini kwangu Kibaha. Sanduku la kuyajaribia lilikuwa Kisarawe, ndani ya pazia. Zainabu aliandika peke yake wiki nzima. Jumamosi nilifika kuchukua disketi yake, Jumapili asubuhi naigeuza ofisini, mchana namrudishia aijaribu, tunarekebisha pamoja mpaka alasiri, na jioni narudi Kibaha kugeuza yale marekebisho. Njia ilikuwa ya vumbi kati ya vichaka, na mvua zikianza, ya matope. Nilifika nimepakwa rangi moja na pikipiki. Shangazi alinipa maji ya kunawa, kisha wali au ugali na kisamvu cha nazi, na hakuna habari ya kompyuta iliyoruhusiwa kabla sahani haijaisha. Nasema hivi kwa kuwa siku hizi naona vijana wanakula huku kidole kiko kwenye simu, wala hawajui walichomeza. Kile kisamvu nakikumbuka hadi leo.

Baada ya kula, kazi. Mimi sikuiona skrini hata siku moja. Nilikaa barazani na karatasi zangu magotini, Shangazi kizingitini, Zainabu ndani akisoma kinachotokea kwenye televisheni. Nilimwomba jambo moja tangu mwanzo: "Nisomee kama ilivyo, shemeji. Usinieleze maana yake." Akasoma kama ilivyo, herufi, tarakimu, nukta na vituo, kwa sauti ya mtu anayeita majina ya darasa. Nikimwambia badilisha mstari fulani, vidole vyake vilisikika kwenye kibodi. Mle ndani ukutani mlikuwa na saa kubwa ya Shangazi, niliyokuwa nikiisikia ikigonga lakini sikuwahi kuiona. Aliitia ufunguo mwenyewe kila Ijumaa na hakuruhusu mtu mwingine aiguse. Umeme ukikatika ghafla, tulibaki sisi watatu na mlio wa ile saa, na Shangazi akashukuru Mungu kwa sauti kwamba walau kimoja katika nyumba hii hakitegemei waya.

Majirani walisema, bila shaka. Televisheni katika nyumba ya eda! Shangazi alikuwa ameweka sharti: sauti isitoke, picha za Unguja zisitazamwe, na kazi ikiisha ifunikwe kanga. Siku moja nikiwa barazani nikawasikia wanawake waliokuja kumjulia hali mfiwa wakizungumza uani. "Ati mjane anatazama televisheni." "Hatazami, dada. Mimi nimechungulia. Ni maandishi matupu, meupe juu ya weusi." "Maandishi ya nini?" "Ya marehemu. Alikuwa hajamaliza." Yule wa kwanza akasema, "Kama ni kumalizia ya marehemu, sawa. Lakini yule wa pikipiki naye anamalizia nini?" Wakacheka. Shangazi akaguna, akaendelea na kisamvu chake, na jicho moja likabaki kwangu.

Sasa tatizo lilikuwa hili. Mfumo uliwaka, ukaandika mstari wake wa kwanza, kisha ukafika mahali pa kusoma disketi ukaganda. Kila Jumapili tuligundua kosa kwenye sehemu ya disketi, tukalirekebisha, tukaridhika. Nikarudi Kibaha jioni, nikageuza, na Jumamosi nikaleta disketi mpya kwa furaha. Zainabu akaiwasha, akasoma mstari wa kwanza, kisha akasema, "Imeganda." Palepale, kama hatukugusa kitu. Lakini aliyoyaandika peke yake katikati ya wiki yaliingia sawasawa. Kibodi ilikubali. Kumbukumbu ilikubali. Yale tuliyoyarekebisha tukiwa wote hayakukubali kamwe. Nilipima waya, nikabadilisha disketi, nikasafisha kichwa cha kusomea kwa spiriti na pamba. Niliyakagua marekebisho yetu karatasini mpaka nikayakariri, na yalikuwa sahihi. Nilianza kuogopa Jumamosi.

Shangazi aliliona kabla sijalisema. Siku moja akaweka ungo chini. "Mimi sina elimu ya hayo madude yenu," akasema, "lakini macho ninayo. Akifanya peke yake linakubali. Mkifanya wawili linakataa. Huyu mtoto yuko edani. Mimi sisemi kitu, mashine ndiyo inasema." Nilitaka kumjibu kwamba mashine haijui eda. Lakini alichokisema ndicho hasa kilichokuwa kikitokea.

Jumapili iliyofuata Zainabu akalisema mwenyewe, baada ya kurekebisha yetu ya siku ile. "Shemeji, nadhani wiki ijayo usije. Si kwamba naamini. Lakini siku zimebaki chache, na watu wanasema, na Shangazi analala na mawazo kwa ajili yangu. Chukua kila kitu ukamalizie Kibaha. Kikiwaka, mlete Kaka Shomari aone. Kisipowaka, basi, Vihingo nako wanaishi watu." Aliyasema hayo kwa utulivu wake uleule wa kusoma skrini, nami nikajua amekwisha kata tamaa. Nilihuzunika sana. Nilikuwa nimempoteza Idrisa, na sasa kile tulichobaki nacho cha Idrisa kilikuwa kinafungwa kanga mbele yangu. Nikasema haya, ila kwanza tuhakikishe nakala zetu ni sawa, asije akabaki na faili jipya na mimi nikaondoka na la zamani. Anisomee orodha ya mafaili yote, kila moja na saa ya kuhifadhiwa kwake, nami nilinganishe na karatasi ya ofisini niliyoichapa asubuhi baada ya kugeuza, mnamo saa nne.

Akasoma. Majina, saa, majina, saa. Alipofika kwenye faili la disketi akasema, "Nane na arobaini na tano."

"Hapana," nikamwambia. "Nane na arobaini na tano ni saa tatu kasorobo asubuhi. Hilo la zamani. Nisomee hili tulilomaliza sasa hivi."

"Ndilo hili. Nimelihifadhi sasa hivi, wino haujakauka."

"Linasema saa tatu kasorobo asubuhi, shemeji."

Ungo ukatua chini kwa kishindo. "Saa tatu asubuhi?" akauliza Shangazi. "Saa tatu asubuhi mimi nilikuwa sokoni. Wewe ulikuwa hapa?"

"Shangazi, mimi saa tatu nilikuwa Kibaha ofisini."

"Mbona dude linasema mlihifadhi saa tatu? Mlihifadhi nini?"

"Shangazi, wallahi nimekuta umesharudi. Umenipa maji wewe mwenyewe!"

"Nimekupa maji ya saa saba. Ya saa tatu alikupa nani?"

Zainabu alikuwa akijaribu kusema na hakuna aliyempa nafasi, na katikati ya vurugu ile saa ya ukutani ikaanza kugonga. Kwa mara ya kwanza mwaka ule nikaihesabu. Ikagonga mara tisa. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua liko mgongoni kwangu, na saa imegonga mara tisa, na kwa wiki zote zile masikio yangu hayakuona ajabu yoyote, kwa kuwa saa tisa ni tisa. Lakini saa za watu wengine wote ninaowajua, saa tisa alasiri, zinagonga mara tatu. Nikauliza taratibu, "Shangazi, mshale mfupi wa saa yako uko wapi?"

"Kwenye tisa," akajibu, bado kanuna. "Ulitaka uwe wapi, na saa ni tisa?"

Shangazi alikuwa ameitega saa yake kwa kufuata jua, kama wazee wengi wa pwani walivyofanya: kukipambazuka, mshale kwenye kumi na mbili, na siku inaanza kuhesabiwa hapo. Sanduku la Idrisa halikuwa na betri ya kukumbuka muda, kwa hiyo kila lilipowashwa lilimtaka Zainabu aandike saa, naye akainua macho ukutani akaandika alichokiona. Kompyuta ya ofisini ilifuata saa za Kizungu, zilizo mbele kwa saa sita. Na ile programu ya kugeuza ilikuwa mvivu mwenye akili: faili ikiliona ni la zamani kuliko kazi iliyokwisha kufanyika, hairudii, inatumia ya mwanzo. Ya katikati ya wiki yalikuwa na tarehe mpya, yakapita. Lakini ya Jumapili mchana, tuliyoyafanya wote, yalifika Kibaha yakionekana yameandikwa kabla ya kazi ya saa nne ya asubuhi ile ile, na programu ikayaruka, na mimi nikaipelekea Kisarawe kazi ya zamani na kusema ni mpya. Marekebisho yetu yalikuwa sahihi tangu la kwanza. Hayakuwahi kuingia ndani ya mashine.

Nilieleza yote hayo kwa pazia, vibaya, huku nikirudia rudia. Kabla sijamaliza, Zainabu akacheka. Si pumzi safari hii. Kicheko kamili, cha mtu aliyekaa nacho kifuani tangu msiba, kikamshinda. Shangazi akasema, "Wewe, uko edani!" kisha naye mabega yakaanza kutikisika, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Kwa hiyo saa yangu ndiyo mchawi," akasema. Nikamwambia saa yake haina kosa, sisi ndio hatukuiuliza.

Niliondoka bila kuaga vizuri. Ofisini niliiambia ile programu isitazame saa ya faili lolote, igeuze kila kitu upya tangu mwanzo, na wiki iliyofuata nilikuja, na hakuna aliyenikumbusha kwamba niliambiwa nisije. Nilikula kwanza. Kisha nikakaa na karatasi zangu. Zainabu akasoma mstari wa kwanza, nikafumba macho. Akasoma wa pili, ambao hatukuwahi kuufikia. Akasoma wa tatu. Kisha nikasikia disketi ikikwaruza ndani ya sanduku, ikisoma, ikisoma. "Kuna alama ya reli, vimstari viwili vimekatizwa na viwili," akasema, "na mbele yake kuna kimstari kinawaka na kuzima. Kinangoja niandike." Kisha akaongeza, "Idrisa angeona." Nililia pale barazani bila kificho, na Shangazi hakuniambia nyamaza.

Siku zilizosalia Zainabu hakuzikaa bure. Nilidhani atabadilisha saa ya ukutani, au walau ataongeza sita kichwani kila anapoandika. Alikataa vyote viwili. "Nyumba hii ina saa yake," akasema. "Mfumo ndio umehamia hapa, ufuate ya hapa." Akaandika kipande kidogo, cha kurasa zisizozidi mbili, ambacho mfumo ukiwaka unauliza kwa Kiswahili, unapokea saa kama Shangazi anavyoihesabu, asubuhi au jioni, na kuigeuza wenyewe kimya kimya kwa matumizi yake. Nimewafundisha vijana wengi tangu wakati ule, na mpaka leo nikitaka kuwaonyesha kazi safi nawaonyesha kile kipande.

Mzee Shomari alikuja asubuhi baada ya Zainabu kutoka eda. Mjane amekoga, amevaa nguo mpya, pazia limefungwa pembeni kwa kamba. Mwenye ile sauti alikuwa mfupi kuliko nilivyomkumbuka, na mwembamba, na wino kwenye vidole. Tuliamkiana kama watu wasiojuana. Wazee wakakaa, televisheni ikafunuliwa, sanduku likawashwa. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza Mzee Shomari mambo ya kumbukumbu na disketi, maneno mengi tu, na naamini ningemchosha. Skrini ikawa nyeusi, kisha yakatokea maneno mawili: Saa ngapi? Mzee Shomari akasogea karibu, akayasoma kwa sauti. Akageuka kutazama saa ya ukutani. "Saa tatu," akasema, si kwetu, kwa sanduku. Zainabu akaandika tatu, asubuhi. Mistari ikapita, disketi ikakwaruza, alama ya reli ikakaa mahali pake. Mzee akatuangalia mmoja mmoja. "Linajua saa zetu," akasema. Kofia akaivua akaivaa. "Libaki na mwenyewe. Na mwenyewe abaki."

Alibaki. Alipata darasa lake Kibaha, na miaka iliyofuata wapo waliojifunza kwake kazi wanayoifanya leo mbali sana na hapa. Mimi ilinichukua muda mrefu kutuma wazee Vihingo, na nilipotuma, Mzee Shomari aliuliza swali moja tu: kama lile sanduku bado linafanya kazi. Zainabu aliendelea kuniita shemeji akitaka kunitania, hata mbele ya watoto. Kila mwaka, msimu wa fenesi, aliliwasha sanduku kwa ajili ya Idrisa, akanakili disketi zake kwenye mpya zaidi alizozipata, akalifunga tena. Nilikuwa nikimwachia chumba. Swali lile la kwanza la sanduku alilijibu yeye siku zote, na mimi katika maisha yangu yote sikuwahi kulijibu.

Leo asubuhi nimelifungua. Televisheni ya zamani ipo, nimeichomeka, nimeweka disketi yenye mwandiko wake. Mariamu alikuwa jikoni, na kati ya jiko na chumba kuna pazia. Disketi ikakwaruza, skrini ikawa nyeusi, maneno yakatokea, na mikono yangu ikagoma. Nilikaa hivyo sijui muda gani. Mwanamume hana eda, lakini nilikuwa sijatoka popote.

"Baba," Mariamu akaita kutoka nyuma ya pazia. "Inasema nini?"

Nikamsomea kama ilivyo.

"Saa nne na robo," akajibu.

Nikaandika.